Mtoto wa Sinia 1 Hajatulia Shuleni: Uliza Saa Kabla ya Kuuliza Sababu

Simu za wazazi wenye mtoto wa Sinia 1, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari hapa Uganda, huanza wiki ya pili. Wiki ya kwanza mtoto bado ana karanga kwenye sanduku na shuka lake linanukia sabuni ya nyumbani. Karanga zikiisha na shuka likifuliwa kwa mara ya kwanza, hapo ndipo anapojua kwamba amehama kweli.

Nilikuwa matroni kwa miaka tisa katika shule ya bweni ya wasichana huku mashariki, kisha nikarudi Busia kushona sare. Kila Februari na Machi wazazi hunitafuta hata nikiwa sokoni. "Dada, mtoto alipata agrigeti 4, tukashukuru Mungu, akachukuliwa shule kubwa. Sasa anasema anataka kurudi. Nifanye nini?"

Shule wanazozisema ni zile zinazochagua kwa alama za PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Agrigeti, yaani jumla ya alama, ikiwa ndogo ndiyo nzuri: 4 ndiyo bora kabisa, na mtoto wa agrigeti 7 au 8 anaweza kukosa nafasi. Baadhi zina umri mkubwa kuliko uhuru wa nchi yenyewe: Namilyango ilianza mwaka 1902, Gayaza 1905, Budo 1906. Shule ya umri huo ina desturi zilizokomaa. Kuna wimbo wake, kuna majina ya mabweni, kuna njia ambayo mwanafunzi mgeni hapiti na kiti ambacho hakalii. Mtoto wa miaka 12 au 13 anayakuta yote siku moja, na hakuna aliyemwandikia.

Jambo moja nililojifunza bwenini, na ambalo nalirudia kwa kila mzazi: usianze na "kwa nini". Mtoto akiulizwa "kwa nini unalia" huona ameshtakiwa, naye atajibu lolote ili kesi iishe. Muulize saa. Inauma saa ngapi? Ilianza siku gani? Ulikuwa wapi? Hayo anaweza kuyajibu, na jibu lake litakuonyesha mlango. Shida inayokuja usiku taa zikizimwa kwa kawaida ni hamu ya nyumbani. Inayokuja alfajiri, saa 11 kengele ikilia, mara nyingi inahusu bafu, choo, maji, au godoro lililolowa. Inayokuja kabla ya kipindi fulani inahusu somo hilo au mwalimu huyo. Inayokuja saa ya chakula, fuata sahani yake.

Analia kwenye simu na anataka kurudi

Shule nyingi za bweni haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo anapiga kwa simu ya matroni au ya mwalimu wa darasa, watoto wengine wako nyuma yake wanangoja zamu. Ana dakika mbili. Akisikia sauti yako tu, anavunjika. Wewe unabaki na kile kilio siku nzima. Yeye dakika kumi baadaye yuko uwanjani. Nimeliona hilo mara nyingi mno, na mama aliyelia naye kwenye simu hakuliamini nilipomwambia.

Kipimo ni maswali matatu, na huyaulizi kwa mtoto bali kwa matroni: Anakula? Analala? Anakaa na nani? Matroni akikutajia hata jina la rafiki mmoja, na sahani inarudi tupu, hiyo ni hamu ya nyumbani ya kawaida. Itapungua yenyewe kabla ya nusu ya muhula. Unachoweza kufanya ni kutoizidisha. Usipige kila siku. Kubalianeni siku moja ya wiki na uishike. Usimwambie "vumilia hadi Ijumaa nitakuja kukuchukua" kama huji, maana Ijumaa hiyo atakaa getini.

Andika barua. Najua ni jambo la zamani, lakini barua inasomwa usiku mara tano, na simu haisomwi tena. Mpe mzazi mwenzako anayekwenda shuleni, au iache kwa mlinzi ukipita. Ndani yake weka habari ndogo za nyumbani: kuku ameangua vifaranga saba, jirani amemaliza kupaua, mdogo wako ameng'oa jino. Usiandike "tunakukosa sana, nyumba imekuwa kimya". Mtoto akijua nyumba inaendelea vizuri, na yeye anapata ruhusa ya kuendelea.

Siku ya kutembelewa ina shida yake. Ukija na pilau na kuku na soda, mkakaa chini ya mwembe hadi saa 10 jioni, tegemea kilio kurudi kwa siku mbili tatu. Huko si kurudi nyuma. Anayeumia kweli ni yule aliyekaa na sare safi tangu asubuhi na hakuna aliyekuja. Kutoka Busia au Tororo hadi shule za Wakiso ni safari ya kama kilomita 200, na nauli si mchezo. Kama hutafika, mwambie wiki moja kabla, na uombe mzazi wa rafiki yake amwite kwenye mkeka wao. Nimewahi kukaa na mtoto wa aina hiyo nyuma ya jiko la shule mpaka giza likaingia, kwa sababu hakutaka wenzake wamwone.

Lakini sikiliza hili: kama muhula wa kwanza ulipita salama na kilio kikaanza muhula wa pili, usikiite hamu ya nyumbani. Kuna kitu kimetokea. Tafuta tarehe.

Tumbo linauma

Hapa nitasema la kwangu. Binti yangu wa kwanza alipokwenda Sinia 1, katika shule nyingine si ile niliyofanya kazi, alilalamika tumbo kwa wiki sita. Mimi nilikuwa matroni. Niliwahudumia watoto wa watu wenye matumbo ya wasiwasi kila siku, nikaamini nalijua jibu. Nikamwambia, "Mwanangu, ni mawazo, kunywa maji, sali, lala." Nesi wa shule akampa dawa ya vidonda vya tumbo. Siku ya kutembelewa nikamwomba anionyeshe bweni, kisha bafu, kisha choo. Vyoo vya Sinia 1 vilikuwa sita, na vinne havikuwa na milango. Binti yangu alikuwa akijizuia tangu asubuhi mpaka usiku wa manane, wenzake wakishalala. Wiki sita. Nikakumbuka kwamba sikumuuliza hata mara moja linauma saa ngapi. Lilikuwa linauma jioni, kila jioni, na hilo peke yake lingetosha kunifungua macho.

Kwa hiyo tumbo la jioni, na mtoto hanywi maji kwa makusudi: kague vyoo kwa macho yako. Ukikuta hali mbaya, nenda kwa mwalimu mkuu pamoja na wazazi wengine wawili watatu, kwa upole na bila kuondoka na ahadi tupu. Mlango wa choo ni mbao na bawaba; haungoji bajeti ya mwaka.

Tumbo la saa 4 au 5 asubuhi ni njaa. Mtoto alizoea chai na chapati nyumbani, sasa ana uji, tena huenda anauacha kwa sababu una vidonge vya unga. Tumbo baada ya maharage, hasa wiki za kwanza, ni tumbo linalozoea posho (ugali) na maharage ya kila siku. Mwambie ale kidogo kidogo na anywe maji, asiruke mlo. Tumbo la msichana linalorudi kila mwezi linajulikana, ila wengi hupata hedhi ya kwanza wakiwa Sinia 1, mbali na mama na shangazi. Weka pedi kwenye sanduku hata kama hajaanza, na umweleze kabla hajaondoka. Usimwachie matroni kazi hiyo. Tulikuwa na wasichana 200 na mimi nilikuwa mmoja.

Tumbo la kila siku ya Jumatatu asubuhi, au kabla ya fizikia, si la tumboni. Soma sehemu ya alama hapa chini.

Na tumbo lenye homa, kutapika au kichwa kuuma ni la kwenda kupimwa siku hiyohiyo. Malaria haina adabu kwa shule nzuri. Usikubali maneno "anataka tu kwenda nyumbani" kabla hajachomwa kidole.

Pesa zinaisha, vitu vinapotea

Ulimwachia pesa za muhula, wiki ya tatu anaomba nyingine. Wazazi wengi huruka moja kwa moja kwenye kugomba. Ngoja kwanza. Mwambie akusimulie jana, alichokula kutoka kuamka mpaka kulala, kitu kwa kitu. Mtoto anayekula chapati ya kantini mara tatu kwa siku kwa sababu ya uroho atasema bila kufikiri. Mtoto mwenye njaa atakwambia sahani ilikuwa ndogo au foleni ilimwacha. Mtoto anayenyang'anywa atasitasita, halafu hesabu haitatimia. Hapo ndipo pa kushika.

Kuna wakubwa ambao huwafanya Sinia 1 watumishi: kuwafulia, kuwachotea maji, kuwanunulia mkate kwa "nitakurudishia". Watoto huita desturi. Mtoto wako akisema "ndivyo kulivyo hapa", muulize ni nani aliyemwambia hivyo. Jibu la kawaida ni jina la mtu, na jina hilo ndilo la kumpelekea mwalimu wa bweni, kwa faragha, ukiomba kwamba mtoto wako asiitwe mbele ya watu kutoa ushahidi. Ombi hilo la mwisho usilisahau. Mtoto aliyesimamishwa paredi kama mshitaki huteswa muhula mzima.

Dawa ya pesa ni rahisi: ziachwe kwa matroni au kwa bursa, mtunza fedha wa shule, na zitolewe kwa wiki. Vitu navyo viandikwe. Shuka na sare kwa uzi, beseni na ndoo kwa rangi, godoro kwa herufi kubwa ubavuni na chini. Ndala zitapotea tu; nunua jozi mbili za bei ya chini. Grabu, kama wanavyoita vitafunio vya nyumbani, mpe kiasi cha kugawa. Mtoto anayefungua sanduku peke yake chini ya blanketi atachukiwa kabla hajajulikana jina, na mtoto anayegawa karanga usiku wa kwanza ana marafiki wanne asubuhi.

Alikuwa wa kwanza, sasa ni wa 86

Hili ndilo linalovunja nyumba nyingi, na linamvunja zaidi mtoto mwenye akili.

Agrigeti 4 maana yake ni D1, alama ya juu kabisa, katika masomo yote manne ya PLE: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii. Mtoto wako alikuwa fahari ya shule yake, mwalimu alimtaja kwenye mkutano, padri au shehe alimtaja kwenye ibada. Sasa ameketi katika darasa ambalo kila mmoja ana 4 au 5 yake na kila mmoja alitajwa. Wakiwa 120, mmoja tu atakuwa wa kwanza. Waliobaki 119, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani, wataona namba ambayo hawakuijua. Mtoto haelewi kwamba darasa ndilo lililobadilika. Anaamini ni yeye aliyeharibika.

Halafu masomo yenyewe. Kutoka manne amerukia 12: mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, una masomo 11 ya lazima kwa Sinia 1 na 2 na moja la kuchagua. Sayansi moja imezaa fizikia, kemia na bayolojia, kila moja na mwalimu wake na lugha yake. Na namna ya kuuliza imebadilika. Darasa la saba mtoto alikariri karatasi za miaka iliyopita mpaka akazijua kwa namba. Sasa anapewa hali ya maisha: kijiji kina maji machafu, una vifaa hivi, pendekeza na ueleze. Aliyezoea kukariri hukaa na kalamu mkononi akingoja swali analolijua.

Na ripoti nayo huwachanganya wazazi. Unakuta 1.8 au 2.3, unadhani ni alama mbili juu ya mia. Kipimo hicho kinaishia 3. Mtoto mwenye 2.3 yuko katikati, anaenda vizuri. Baba mmoja alimchapa mwanawe kwa ripoti ambayo mwalimu aliisifu.

Sasa tafuta chanzo. Weka ripoti mezani, funika namba ya nafasi kwa karatasi, usome somo moja moja. Ukikuta masomo yote yameshuka kidogo kwa pamoja, ni mshtuko wa mwanzo na wingi wa kazi. Mpe muhula mmoja. Ukikuta moja au mawili yameanguka na mengine yamesimama, chukua daftari la somo hilo. Kama kurasa za mwanzo zimejaa na za baadaye ni nusu nusu, kuna siku alipotea njia, na mwalimu anaweza kumrudisha mahali hapo. Kama daftari limejaa vizuri na alama bado ni ndogo, ananakili bila kuelewa. Mwambie akueleze ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kama anamweleza bibi yake. Akishindwa kwa Kiswahili, hajaelewa. Akiweza kwa Kiswahili na kushindwa kwa Kiingereza, tatizo ni lugha, na hilo lina dawa nyepesi.

Kama yote yameporomoka na daftari lina kurasa tupu, acha habari ya masomo. Mtoto huyo halali, haoni ubao, au ana jambo linalomla. Usimkimbilie mwalimu wa ziada. Macho yapimwe kwanza. Nimeona watoto watatu walioitwa wazembe ambao walinyooka kwa miwani tu. Kisha usingizi: prepu, masomo ya jioni ya kujisomea, inaisha karibu saa 4 usiku, kengele ni saa 11 alfajiri, na mtoto akiamka saa 9 usiku "kusoma zaidi" ili arudi kuwa wa kwanza, unapata mtoto anayesinzia kemia nzima. Mkataze kuamka saa 9. Akupinge, umkataze tena.

Na tafadhali, mzazi mwenzangu, ule msemo wa "tumeuza ng'ombe kwa ajili yako" usiuseme. Anajua. Alimwona ng'ombe akiondoka. Kila jioni kabla ya jaribio anamhesabu.

Likizo ya Mei, mpe wiki ya kwanza alale. Baadaye saa moja na nusu kwa siku yatosha: somo lililomshinda, kwa kueleza kwa mdomo, si kwa kunakili. Muhula wa pili mpime kwa alama zake mwenyewe za muhula wa kwanza. Mtoto aliyetoka 1.4 hadi 1.9 amefanya kazi kubwa, hata kama bado ni wa 80.

Anazungumza Kiswahili nyumbani, na Kiswahili kimemwangusha

Hili huwashangaza watu wa Busia, Bombo, Arua, na ndugu zetu waliotoka Kongo. Mtaala umekiweka Kiswahili kwenye masomo ya lazima Sinia 1 na 2, na shule zenye mwalimu wake huanza na "habari ya asubuhi". Mtoto wetu hucheka, hafungui daftari, anajiona amefika. Mtihani ukija, anaandika "kitabu yangu", "watoto ya jirani", "tunakulaka", kama tunavyosema sisi barazani, na alama zinakatwa. Mwenzake kutoka Mbarara, aliyeanza kutoka sifuri na kujifunza ngeli kama hesabu, anampita.

Chanzo ni dharau ya kile unachokijua. Usimwambie Kiswahili cha nyumbani ni kibovu. Ni lugha ya mama yake na itamfaa sokoni na mpakani maisha yote. Mwambie kuna cha nyumbani na kuna cha karatasi, kama alivyo na nguo za shamba na sare. Kwenye karatasi ni kitabu changu, watoto wa jirani, huwa tunakula. Likizo mwekee taarifa ya habari ya redio naye arudie kwa kuandika. Na mwombe mwalimu ampe kazi ya kuwasaidia wenzake matamshi. Mtoto ambaye ni wa 86 kwa jumla anahitaji mahali pamoja shuleni ambapo wenzake wanamhitaji yeye.

Hana rafiki, amekuwa kimya

Angalia lugha kwanza. Shuleni Kiingereza ndicho kinachotakiwa, lakini taa zikizimwa bwenini, katika shule za Wakiso na Mukono, hadithi na vichekesho ni Luganda. Mtoto wa Tororo au Koboko anasikia kicheko kutoka kitanda hadi kitanda na hajui kimetoka wapi. Baada ya wiki tatu anaamini wanamcheka yeye. Kipimo: muulize nani anayelala kitanda cha juu yake na wanaongea nini. Kama ni lugha, mtafutie kundi ambalo halihitaji maneno mengi: kwaya, mpira, skauti, netiboli, bustani ya shule. Luganda kitamjia chenyewe kabla ya Sinia 2.

Kama ukimya unaendana na kuamka kabla ya kengele, kufua kila siku, kukwepa vitanda vya juu, fikiria kukojoa kitandani. Umri wa miaka 12 au 13 wapo, ni wengi kuliko wazazi wanavyosema, na hofu ya ugenini huwarudisha hata walioacha. Mwambie matroni kabla ya siku ya kuripoti, faraghani. Tulikuwa na utaratibu: kitanda cha chini karibu na mlango, plastiki juu ya godoro na shuka la ziada, mimi namgusa bega saa 6 usiku aende choo. Hakuna aliyejua. Ambao wazazi wao walinyamaza kwa aibu, bweni zima lilijua siku ya nne.

Suala la dini nalo liseme wazi mapema. Shule nyingi za kuchagua zilianzishwa na makanisa na ibada ni ya wote; nyingine, kama Nabisunsa na Kibuli, zina misingi ya Kiislamu. Miaka hii Ramadhani inaangukia muhula wa kwanza, mtoto akiwa bado hajazoea. Uliza ofisini kabla ya kufungua: daku inapatikana, futari je, nani anasimamia? Mtoto asibebe mazungumzo hayo peke yake.

Usingoje siku ya kutembelewa, nenda leo

Amesema anataka kufa au kupotea, hata kwa utani. Ana alama za kupigwa. Haketi vizuri, au hataki mtu fulani mzima amkaribie. Amekataa chakula siku mbili. Ana homa na anaambiwa apumzike tu. Ana siko seli (selimundu) au pumu na nesi hajui. Hilo lilipaswa kuwa kwenye karatasi yenye sahihi ya daktari siku ya kwanza, nakala moja kwa nesi na moja kwa matroni.

Viboko shuleni vimekatazwa na Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, hata shule iwe na jina kiasi gani. Ukiona ofisi inakuzungusha, simu ya watoto ni 116, inaitwa Sauti, haina malipo, na mtoto mwenyewe aijue namba hiyo kwa kichwa. Nilishuhudia mzazi aliyenyamaza muhula mzima kwa kuogopa mwanawe kupoteza nafasi. Nafasi ilibaki, mtoto ndiye aliyeondoka, na ilichukua mwaka mzima kabla hajaingia darasa lolote tena.

Kuhama

Wazazi huuliza swali hili mapema mno au wamechelewa mno. Usihamishe muhula wa kwanza kwa sababu ya machozi. Ukimaliza mihula mitatu, umefuata saa za dalili, umezungumza na mwalimu wa darasa, matroni na mtoto mwenyewe, na bado anafifia, hamisha bila kumwita mshindwa. Ifanye kabla ya kuingia Sinia 3, kwa maana hapo masomo hupunguzwa na kuchaguliwa, na shule mpya huenda haina yale aliyoyachagua. Chukua ripoti zote, matokeo ya PLE, na barua kutoka shule ya kwanza. Lipa deni la karo ukiweza ili usizungushwe barua.

Binti yangu sikumhamisha. Milango ya vyoo iliwekwa wiki mbili baada ya sisi wazazi watano kukaa kwenye benchi la ofisi, na tumbo likanyamaza. Aliporudi likizo ya Agosti alikuwa anamaliza sahani, anazungumza Luganda na mdogo wake ambaye hakielewi, na alipoulizwa namba yake alisema, "Wa 61, Mama, na kemia nimepata 2.6," akaendelea kuchambua maharage.